Siku moja ya bure Roma: upande treni ya wapi?

Watu wengi wa kwetu wanaofika Roma hawaji kutalii. Wanakuja kwa mkutano wa FAO au IFAD, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo, kusoma kwenye vyuo vya Kanisa, kuhiji, au kumwona ndugu. Katikati ya shughuli hupatikana siku moja ya bure, na hapo simu yangu huanza kuita: "Dada, twende wapi kwa treni, turudi jioni?" Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu: Venezia. Inawezekana, ila hata treni ya kasi hutumia kama saa nne kwenda na nyingine nne kurudi. Kama ni kukaa kwenye kiti kutwa, si bora angebaki mkutanoni?

Kabla ya uzuri wa mji, mimi huangalia stesheni yake iko wapi. Miji mingi ya kale ya Italia ya kati ilijengwa juu ya vilima ili adui asiifikie kirahisi. Reli zilipokuja karne ya 19 zikapita bondeni. Kwa hiyo unaweza kushuka penye jina la mji na mji wenyewe ukauona kwa mbali, juu. Assisi ndivyo ilivyo: treni inakuacha Santa Maria degli Angeli, halafu unatafuta basi la kupanda kilimani, na hapo umeshakaa kwenye treni zaidi ya saa mbili. Anayemfuata Mtakatifu Fransisko aamke alfajiri aende, hatajuta. Anayetaka kutembea tu, namshauri pengine. Tivoli nako ni karibu, lakini Villa d'Este, jumba lenye bustani za chemchemi, iko mjini, na Villa Adriana, magofu ya kasri la Kaisari Hadriano, iko chini, nje ya mji. Chagua moja, ukitaka zote utashinda ukingoja mabasi.

Ninakopeleka wageni wangu ni Orvieto. Treni ya kawaida hutumia saa moja na ushee. Mji uko juu ya jabali, lakini ukitoka tu stesheni, mbele yako kuna kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma hadi juu, dakika chache umefika. Kila mtu hukimbilia kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza 1290, na uso wake wa mbele ni wa kusimama na kutazama kweli. Mimi naanzia kisimani, hapo hapo karibu na unaposhukia. Papa Klementi wa 7 alikimbilia Orvieto baada ya Roma kutekwa na kuporwa mwaka 1527, akaogopa mji ukizingirwa watu watakufa kwa kiu, akaagiza kisima kichimbwe. Kina chake ni mita 53. Ndani kuna ngazi mbili zinazozunguka ukuta, kila moja ina vidato 248, na hazikutani mpaka chini kwenye maji: punda wa mizigo walishuka kwa moja na kupanda kwa nyingine bila kupishana. Ukiwa katikati unamwona mwenzako kwenye dirisha la upande wa pili, mnapungiana mikono, lakini huwezi kumfikia. Watoto hawataki kutoka. Wenye magoti mabovu wabaki juu wanywe kahawa.

Ukiwa na nusu siku tu, nenda Ostia Antica. Treni yake inaondokea Porta San Paolo, pembeni ya kituo cha metro cha Piramide, na hufika kwa kama nusu saa. Ni bandari ya Roma ya kale. Nyuma ya ukumbi wa maonyesho kuna uwanja uliozungukwa na ofisi za wafanyabiashara wa ng'ambo, na sakafu zina picha za vijiwe vyeusi na vyeupe. Ya watu wa Sabratha, mji ulio Libya ya leo, ina tembo. Mwafrika akisimama hapo hahitaji mtembezaji. Jumatatu pamefungwa, usijisumbue.

Napoli je? Kwa treni ya kasi ni saa moja na dakika kumi hivi, na stesheni iko mjini. Lakini Napoli na magofu ya Pompei kwa siku moja ni kukimbizana. Chukua moja, nyingine iache.

Sasa tiketi. Treni za kasi, Frecciarossa na Italo, zina namba ya kiti na bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo nunua mapema. Treni za Regionale, yaani zile za kawaida, bei yake ni ileile hata ukinunua dakika tano kabla, na unakaa popote. Aliyezoea SGR ya Dar au Nairobi, ya kukaguliwa mizigo na kuwahi stesheni, atashangaa. Ila tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Ya kwenye simu huthibitishwa kwa simu yenyewe, na uwe na kitambulisho.

Kwenye ubao wa Termini, stesheni kuu ya Roma, usitafute neno Orvieto, kwa sababu huandikwa mwisho wa safari, mara nyingi Firenze. Fuata namba ya treni. Ukiona jukwaa ni 1 Est au 2 Est, anza kutembea mapema, ni mbali mno.

Jioni iliyotangulia, angalia mambo mawili: treni ya mwisho ya kurudi, na kama kuna mgomo, ambao Waitalia huuita sciopero. Migomo hutangazwa kabla. Siku za kazi, hata kukiwa na mgomo, baadhi ya treni za Regionale huhakikishwa kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Jumapili hesabu hiyo haipo, basi kukiwa na mgomo safari iache siku nyingine, ushinde zako Trastevere, mtaa wa humo humo Roma.