Kufuatilia kometi hafifu kutoka Mbeya: anza na saa, darubini baadaye

Ukiniuliza ununue darubini gani ili ufuatilie kometi hafifu, zile ambazo wengi huziita nyota zenye mkia, nitakuuliza kwanza saa ya kamera yako umeipanga vipi. Kometi haitulii mahali pamoja. Hata ukipiga picha nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa Nyanda za Juu Kusini, kama hujui ilipigwa dakika gani, hiyo ni picha ya kutundika ukutani tu. Na kometi hafifu hata ukutani hazipendezi sana: nyingi ni doa la kijivu lisilo na mkia. Thamani yake yote iko kwenye vipimo viwili, ilikuwa wapi na iling'aa kiasi gani.

Wapima anga duniani hutumia saa ya UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, na sisi Tanzania tuko mbele yake kwa saa tatu. Saa mbili usiku kwetu ni 20:00, basi UTC ni 17:00. Hapo hakuna shida. Shida huanza usiku wa manane. Saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15 bado ni saa 22:00 UTC ya tarehe 14, na kwenye ripoti ya kometi huandikwa 14.92, yaani siku pamoja na sehemu yake kwa desimali. Kwa hiyo daftari langu lina safu moja tu ya muda, nayo ni ya UTC. Kamera naipanga jua likiwa bado halijazama, kwa sababu saa za kamera huteleza kidogo kidogo na gizani ukiwa na baridi ya Uyole hutaki kuhangaika na menyu.

Sasa chagua kometi moja uishikilie. Mimi namsisitizia kila anayeanza achukue ile iitwayo 29P/Schwassmann-Wachmann, au 29P kwa kifupi. Iligunduliwa mwaka 1927 huko Hamburg, Ujerumani, na inazunguka Jua nje kidogo ya njia ya Mshtarii, kwa umbali wa karibu mara sita ya ule wa Dunia na Jua. Mzunguko mmoja huichukua takriban miaka 15. Kometi tulizozoea kuzisikia huja kwa njia ndefu iliyochongoka, zikikaribia Jua huwaka, zikiondoka hufifia. Obiti ya 29P ni karibu duara kamili, hivyo umbali wake na Jua haubadiliki sana. Ungetegemea mwangaza wake nao utulie. Hautulii hata kidogo! Mwangaza hupimwa kwa magnitudo, na namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu zaidi. Siku za kawaida 29P huwa kwenye magnitudo ya 16 hivi, ambayo ni hafifu mara elfu kumi kuliko nyota ya mwisho inayoonekana kwa macho penye giza zuri. Kisha ghafla, ndani ya saa chache, hulipuka na mwangaza wake kupanda kwa magnitudo moja, mbili, mara nyingine hata nne au tano. Magnitudo tano ni mwangaza mara mia. Milipuko hii hutokea mara kadhaa kwa mwaka, wala haifuati ratiba unayoweza kuiandika kwenye kalenda. Kule iliko ni baridi mno kwa barafu ya maji kufuka ipasavyo. Gesi kubwa inayoonekana kutoka humo ni kaboni monoksidi.

Ndiyo maana naipenda. Njia yake inajulikana vizuri kiasi kwamba jedwali la mtandaoni la Horizons, la maabara ya JPL ya NASA, litakuambia bure ielekeze wapi darubini yako usiku wowote ule. Mwangaza wake hakuna jedwali linaloujua. Unakwenda mahali panapojulikana kutafuta jambo lisilojulikana, na usiku ambao wewe hukutazama unaweza kuwa ndio usiku mlipuko ulioanza.

Hapo ndipo Mbeya inapokuwa na faida. Tuko karibu nyuzi tisa kusini mwa Ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa mno ya anga, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu yetu. Mji uko kwenye mita zipatazo 1,700, vumbi la mabondeni tumeliacha chini. Giza letu linapoingia, Marekani bado ni mchana. Vipimo vya kutoka upande huu wa Afrika ni haba, hivyo chako hakipotei katikati ya maelfu.

Kwenye kupima mwangaza, nenda polepole. Piga picha fupi fupi nyingi, kisha zipange moja juu ya nyingine kwa programu ukifuata mwendo wa kometi, ili nyota ziwe mistari na kometi ibaki nukta. Kwa darubini ya kioo cha milimita 200, magnitudo 16 inafikika namna hiyo. Halafu panga picha zile zile upya ukifuata nyota, upate nyota za kulinganishia. Chagua kadhaa, ziwe karibu na kometi na kwa kimo kile kile kutoka upeo wa macho, maana hewa ya chini hula mwanga. Zenye rangi ya kukaribia Jua ndizo bora, na nyota iliyong'aa kupita kiasi mpaka kuungua kwenye picha iache.

Kometi si nukta kamili, ni wingu la gesi na vumbi, na jibu utakalopata linategemea umechora duara la kipimo la upana gani, yaani lile ambalo programu hujumlisha mwanga uliomo ndani yake. Duara dogo hukupa kiini, duara pana hukupa jumla. Chagua mawili, yaandike, na usiyabadilishe mwezi huu na mwezi ujao. Ukibadilisha kila mara, mchoro wako utaonyesha milipuko ambayo haijatokea. Mlipuko wa kweli wa 29P huonekana kwanza ndani ya duara dogo: kiini kinachongoka kama nyota, kikali, cha mviringo. Siku zinazofuata vumbi hutanda nje kama tone la mafuta juu ya maji, mara nyingi likielemea upande mmoja, na kiini kinafifia huku duara pana likiwa bado linang'aa. Mwenye kipimo kimoja tu hataiona hadithi hiyo.

Kabla hujashangilia, hakikisha kometi haijapanda juu ya nyota hafifu. Linganisha na picha za zamani za eneo hilo hilo la anga, zinapatikana bure mtandaoni. Au subiri usiku wa pili. 29P husogea polepole, hata ikienda kasi ni karibu robo ya upana wa mwezi kwa siku, lakini inatosha: nyota itabaki, kometi itakuwa imehama.

Na usipoiona, andika. Andika muda, na andika nyota hafifu kabisa uliyoiona karibu na pale ilipotakiwa kuwa. "Haikuonekana, ni hafifu kuliko 14.5" ni kipimo halali, na mlipuko ukitokea kesho, mstari huo ndio utakaobana saa ulipoanza.

Mambo ya mahali ni machache. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kabla ya kusimamisha mtambo usiku, hasa ukiwa barabara ya Chunya au mashambani Uporoto; mtu mwenye taa nyekundu saa nane usiku huwatisha watu, na wana haki. Ukiwaonyesha Zohali mara moja, watakulinda. Juni na Julai anga ni safi lakini umande na baridi huua betri, basi beba ya ziada ndani ya koti. Kuanzia Septemba moshi wa mashamba hushusha nyota za chini.

Kupeleka vipimo si kugumu. Vya mwangaza vinapokelewa na hifadhidata ya COBS iliyoko Slovenia. Vya mahali huenda Minor Planet Center, Marekani, kituo kinachokusanya vipimo vya mahali pa kometi na asteroidi (miamba midogo inayozunguka Jua), na kule hupewi namba ya kituo chako cha kutazamia mpaka uwapelekee vipimo vizuri vya asteroidi zinazojulikana. Anza na hizo. Masika yasikuzuie: mvua ikikatika usiku, hewa huwa imeoshwa, na saa moja ya uwazi kati ya mawingu inatosha kupata picha za kipimo kimoja.