Mbwa analala mchana kutwa, usiku anabweka

Ndugu wa Malindi, umeuliza kama mbwa wako wa miaka mitatu, unayemfunga mchana na kumfungulia usiku, ni mgonjwa kwa kuwa hulala mchana kutwa na kubweka usiku. Kulala mchana si ugonjwa. Mbwa mzima hulala jumla ya saa 12 hadi 14 kwa siku, tena kwa vipande vifupi. Mtoto wa mbwa hufika 18 hata 20. Joto la kaskazi nalo humlegeza. Tatizo ni hiyo tabia ya kumfunga mchana na kumfungulia usiku: unamzoesha kukesha. Mtembeze alfajiri kabla mchanga haujachoma nyayo, na jioni nusu saa, ndipo umpe chakula. Alale kwenye sakafu ya saruji yenye kivuli, maji karibu.

Miguu ikitikisika na midomo ikichezacheza, huenda anaota tu. Usimguse, mwite jina kwa mbali. Akishtuka anaweza kukung'ata. Akikakamaa mwili mzima au kujikojolea, hapo mwone daktari wa mifugo.