Kuhusu mwalimu anayechukua kifaa wakati wa kukwangua tezi dume

Ndugu Daktari,

Umeuliza iwapo umechelewa, kwa kuwa uko mwaka wa tatu wa mafunzo ya ubingwa na bado mwalimu wako huchukua kifaa kila damu inapoziba mwonekano wakati wa kukwangua tezi dume. Hujachelewa. Katika utaratibu wa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, miaka 2 ya kwanza ni ya misingi ya upasuaji kwa ujumla, hivyo fani yenyewe ndiyo kwanza unaianza.

Mwombe akugawie operesheni kwa hatua: kwanza uingize kamera kupitia njia ya mkojo na kuitambua verumontanamu, kijinundu ndani ya njia hiyo, alama ambayo ukikata kuivuka kuelekea nje unaweza kujeruhi msuli unaozuia mkojo na kumwacha mzee wa watu akivuja maisha yake yote, kisha ukwangue sehemu ndogo chini ya jicho la mwalimu. Angalia saa pia, maana operesheni ikirefuka, maji ya glaisini yanayosafisha eneo la kukwangua yanaweza kufyonzwa kupita kiasi na kushusha sodiamu ya damu, na mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mgongo akianza kuchanganyikiwa, simamisha kazi na umwarifu mtaalamu wa usingizi papo hapo.