Barabara kuu ilihamaje Bagamoyo?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nipo Dunda, Bagamoyo, juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja anasema barabara kuu ya kwenda bara zamani ilianzia hapahapa kwetu afu ikahamia Dar, sisi vijana tukambishia, maana tunachojua ni kwamba mabasi ya Arusha yameanza kupita huku juzijuzi tu ilipowekwa lami ya Msata. Nani yuko sahihi? Na kama ilikuwepo, nani aliihamisha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mzee mwombeni radhi na hiyo kahawa mmlipie nyie.

Barabara ilikuwepo ila usiiwazie ya magari, ilikuwa njia ya miguu, watu wanatembea mmoja nyuma ya mwenzie, pagazi ana mzigo wa kilo 30 hivi begani, wanavuka Ruvu, wanaitafuta Mpwapwa, Tabora mpaka Ujiji kule ziwani, huko ni zaidi ya kilomita 1,000, na kurudi pembe za ndovu zinakuja kwa njia hiyohiyo, na watumwa pia, hilo tusilifiche. Stanley alipoenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alianzia hapo kwenu, na mwaka 1874 Chuma na Susi na wenzao wakaja kuteremsha maiti ya Livingstone hapohapo misheni. Sasa we unambishia mzee!

Kuihamisha sasa. Wengi watakwambia ni Wajerumani, na kweli makao makuu waliyatoa Bagamoyo wakayapeleka Dar mwaka 1891, ila mi kwa upande wangu lawama naipa maji ya hapo pwani kwenu, hayana kina. Shuka sokoni kwa samaki asubuhi maji yakiwa yamekupwa uangalie, mashua imelala upande mchangani na hizo za mbali wapakuzi wanazifuata kwa miguu, maji ya kiunoni, kapu begani. Jahazi halina shida na hilo, linasubiri maji yajae linaelea linaondoka zake, lakini meli ya moshi ilibidi itie nanga mbali huko na mizigo ifuatwe kwa mashua, wakati Dar bandari ina kina na imejificha na upepo. Kwa hiyo meli zikaenda Dar, na reli nayo ikaanza kujengwa kutokea Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Hebu niambie nani tena atabeba pembe kichwani miezi mitatu na treni ipo? Wapagazi wakakosa kazi, Bagamoyo ikabaki na boma lake na zile nyumba za milango ya nakshi.

Magari yalipokuja nayo yakafuata hukohuko, Dar, Kibaha, Chalinze, na wa Tanga na Arusha anakata kulia Chalinze. Nyie mkawa mwisho wa barabara, anayekuja Bagamoyo anakuja Bagamoyo tu, hapiti kwenda kokote.

Na nyie vijana mna kaukweli kenu. Lami ya kutoka Makofia mpaka Msata ni kama kilomita 64 na inatokea kwenye barabara ya Chalinze–Segera, ndo maana dereva wa Tanga au Arusha akichoka foleni ya Kibaha anakuja kwenu, anapita Kiwangwa, Chalinze haioni kabisa. Tatizo basi linakata kona pale Makofia linaenda zake, Mji Mkongwe haliingii, kwa hiyo biashara kaipata wa Kiwangwa na wa Msata kuliko muuza chai wa karibu na Karavanserai, kule ambako misafara ilikuwa inapumzikia.

Ukipita Kiwangwa niletee nanasi, ila ulinuse kwanza, usichukue lile wanalokusukumia dirishani basi likiwa linaondoka.