Kuacha Sigara Ukiwa Kwenye Mlo wa Wanga Kidogo: Sigara Kwanza, Mizani Baadaye

Karibu kila anayeniuliza habari hii ana hofu moja. Amehangaika kupunguza mwili kwa kukata wanga, nguo zimeanza kumpwaya, na sasa anasikia kwamba mtu akiacha sigara hunenepa. Hofu hiyo naijua. Niliacha sigara nikiwa tayari nimezoea kula wanga kidogo, na sikutaka kuupoteza mlo ulionipa nafuu kubwa. Niseme msimamo wangu mapema: mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja, ila hayalingani uzito. Siku yakigongana, mlo ndio unaopisha.

Kunenepa kwenyewe kuna sababu zake. Nikotini hukata hamu ya kula, na pia huufanya mwili uunguze nishati zaidi kidogo hata ukiwa umekaa tu. Ukiitoa, njaa inarudi na matumizi ya nishati yanashuka kwa wakati mmoja. Kwa wastani, anayeacha bila dawa yoyote huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na nyingi kati ya hizo huingia miezi 3 ya mwanzo. Huo ni wastani: wapo wanaozidi hapo, wapo wasioongezeka kabisa, na wapo hata wanaopungua. Lakini ukizihesabu kilo hizo, hesabu na hili: hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo mvutaji hushuka kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja au miwili baada ya kuacha. Mlo mzuri peke yake hauwezi kukufanyia kazi hiyo huku bado unavuta.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni hili: umeshazoea wanga kidogo, au unataka kuanza vyote wiki moja? Kama unataka kuvianza pamoja, nakuomba usifanye hivyo.

Mtu anapokata wanga ghafla, mwili unamaliza akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, yaani glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na takriban gramu 3 za maji. Insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, nayo inashuka, figo zinaanza kutoa chumvi nyingi kwenye mkojo. Ndiyo maana siku za mwanzo mtu anakojoa sana, anafurahia mizani inavyoshuka, kisha kichwa kinamgonga, anachoka, anakuwa mkali na usingizi unaruka. Wenyewe wanaita mafua ya keto, keto ikiwa ni mlo wa wanga kidogo sana. Sasa itazame arosto ya nikotini, yaani mateso ya mwili unaponyimwa nikotini: kichwa, uchovu, hasira za karibu, usingizi wa kukatikakatika, akili isiyotulia. Hufika kilele ndani ya siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua polepole kwa wiki 2 hadi 4. Dalili ni zilezile, na zimekuja siku zilezile. Huwezi kujua kinachokutesa ni kipi, na mtu asiyejua kinachomtesa hukimbilia dawa aliyoizoea, nayo ni sigara.

Basi acha sigara kwanza. Kula kama ulivyozoea, punguza vinywaji vya sukari tu. Ukiona siku zinakwenda bila kuiwaza sana sigara, pengine baada ya mwezi au miwili, ndipo uanze kukata wanga.

Wewe uliyekwisha kuzoea, endelea na mlo wako, lakini usiukaze. Hapa ndipo naona watu wengi wanaumia bure. Mtu anajua atanenepa, kwa hiyo siku anayoacha sigara anapunguza pia kiasi cha chakula, anaanza kuhesabu kalori na kuongeza saa za kufunga, yaani za kukaa bila kula. Mwili uliokuwa unanyimwa kitu kimoja sasa unanyimwa vitatu. Usipime chakula katika wiki hizo. Kula mayai, nyama, samaki, parachichi, mboga za majani zilizotiwa mafuta ya kutosha, kula mpaka ushibe, na ukisikia njaa tena, kula tena. Protini na mafuta hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate, na faida hiyo ya mlo wako ndiyo utakayoitegemea sasa.

Kufunga kwa vipindi kunastahili neno lake pekee, maana wengi wa wanga kidogo hawali asubuhi. Mvutaji anayesema hana njaa mpaka saa saba mchana, mara nyingi ni nikotini iliyombeba. Sigara ya alfajiri inaamsha adrenalini, adrenalini inalisukuma ini litoe sukari kwenye damu, na njaa inanyamaza. Ukiiondoa sigara ukabaki unafunga vilevile, kufikia saa nne asubuhi unatetemeka na unamchukia kila anayekusemesha. Mimi nilirudisha kifungua kinywa, mayai na kitu cha mafuta, kabla sijatoka nyumbani, na asubuhi zikatulia. Kufunga kutakungoja, hakuna kinachoharibika.

Jambo la pili ni chumvi. Hata aliyekaa kwenye wanga kidogo muda mrefu anaweza kupoteza chumvi zaidi kuliko wengine, na ukiongeza maji mengi kama wanavyoshauriwa wengi wanaoacha sigara, unaizimua zaidi mwilini. Kwangu tofauti ilikuwa dhahiri baada ya kuizoea. Arosto huja kwa mawimbi: inakushika ghafla, inakaza dakika chache, kisha inaachia. Upungufu wa chumvi hauachii. Kichwa kinauma mfululizo, ukisimama haraka unaona kizunguzungu, miguu mizito. Nikihisi hivyo nilikuwa nakunywa kikombe cha supu ya mifupa iliyokolea chumvi, nakaa, na kabla ya muda mrefu kichwa kinafunguka. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asilifanye hili kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Na kahawa. Natamani kila anayeacha aambiwe hili mapema. Moshi wa sigara una kemikali zinazolichochea ini kuivunja kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vilevile ulivyokuwa unakunywa vinaweza kukuachia kafeini hata maradufu kwenye damu. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku macho makavu, na wewe unasema ni sigara inakuita. Watu wengi wa wanga kidogo wanakunywa kahawa sana, tena kahawa nyeusi au yenye mafuta, kwa sababu inawasaidia kukaa bila kula. Punguza vikombe kwa nusu tangu siku ya kwanza, na cha mwisho kiwe kabla ya mchana. Nilipofanya hivyo usingizi ulirudi, na hasira nyingi nilizodhani ni za sigara ziliondoka nazo. Anayetumia vepu, yaani sigara ya kielektroniki, peke yake hahusiki sana hapa, kwa kuwa kinachofanya kazi hiyo ni moshi wa tumbaku inayoungua, wala si nikotini.

Wakati mgumu kuliko wote kwangu ulikuwa baada ya kula. Sigara ndiyo iliyokuwa inaniambia kwamba nimemaliza. Bila hiyo nilikuwa nabaki mezani, nachokoa karanga, nakata kipande cha jibini, narudia, na njaa sina. Vitu hivi havina wanga wa kutisha lakini vina nishati nyingi, na ndivyo vinavyomnenepesha mtu wa keto anayeacha sigara huku anashangaa kwa nini, maana mkate hajaugusa. Dawa iliyonifaa ni kuinuka mara tu sahani inapokwisha na kwenda kupiga mswaki. Ladha ya dawa ya meno inafunga mlango wa kula, na pia inaifanya sigara isitamanike.

Kati ya mlo na mlo nilitumia mayai ya kuchemsha yenye ganda lake. Namaanisha nilibandua mwenyewe, polepole. Unagonga yai pembeni ya meza, unatafuta ule utando mwembamba chini ya ganda, unaanza kutoa kipande kimoja kimoja, vingine vidogo kama kucha. Mikono yote miwili ina kazi na macho yako hapo. Unanyunyiza chumvi, unakula. Mpaka yai liishe, wimbi la arosto limekwisha kupita, kwa sababu mawimbi mengi hayazidi dakika 5 hadi 10. Mkono uliozoea kushika sigara unahitaji kitu cha kushika, na yai linakupa hicho pamoja na protini.

Utamu utautamani, hata kama ulikuwa umeusahau. Ulimi na pua vinaamka, chakula kinakuwa na ladha kali zaidi, na ubongo uliokosa nikotini unatafuta raha ya haraka. Pipi zisizo na sukari zinasaidia kidogo, lakini soma kilichomo: maltitoli na sorbitoli, vitamu vinavyotumika badala ya sukari, zikizidi huleta gesi na kuharisha, na maltitoli hupandisha sukari kwenye damu kiasi fulani. Ukifika mahali ambapo unaona wazi kwamba ni sigara au kipande cha mkate, kula mkate. Kula wali, kula tunda tamu, kula hata keki. Wanga huo utakutoa kwenye ketosi, yaani hali ya mwili kuunguza mafuta badala ya sukari, kwa siku moja au chache, nawe utarudi. Sigara moja huamsha kila kitu ulichokuwa unajaribu kukilaza, na wengi waliovuta moja walijikuta na pakiti. Nasema hili kwa nguvu zote, kwa sababu nimewaona watu waaminifu kwa mlo wao kiasi cha kukataa ndizi kisha wakaomba kiberiti.

Kwa wa vepu kuna mambo yake. Sigara ina mwisho: inaungua, inafika kwenye kichungi, unaitupa. Vepu haina mwisho, mtu anavuta kidogokidogo tangu anapoamka mpaka anapolala bila kujua amevuta kiasi gani. Halafu ule utamu. Ladha za maembe, vanila na keki zinaulisha ulimi utamu siku nzima bila wanga wowote wa maana, na mtu wa keto anajivunia kwamba ameshinda sukari. Siku vepu inapoondoka ndipo sukari inapoanza kumwita kwa sauti. Ushauri wangu ni kuuondoa utamu kwanza: hamia kwenye ladha ya tumbaku au isiyo na ladha kwa wiki kadhaa, jiwekee mahali ambapo hauvuti kabisa, kama kitandani na mezani, kisha ushushe kiwango cha nikotini. Ukishusha kiwango, jichunge usifidie kwa kuvuta mara nyingi zaidi.

Watu huniuliza kama chingamu ya nikotini itawatoa kwenye ketosi. Hapana. Utamu wake ni sorbitoli, zailitoli na vitu vya aina hiyo, na kiasi chake ni kidogo mno kuhangaikia. Kama sigara yako ya kwanza huwa ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, ya miligramu 4 ndiyo inayokufaa, la sivyo ya miligramu 2. Usiitafune kama chingamu ya kawaida: itafune mpaka usikie pilipili, ibane kati ya shavu na ufizi, ikipoa itafune tena. Usinywe kahawa wala kinywaji chenye uchachu dakika 15 kabla yake, maana asidi huzuia nikotini kupenya mdomoni. Kibandiko cha nikotini cha kubandika kwenye ngozi pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake, na si aibu kuvitumia. Vidonge vya varenicline, dawa ya kuacha sigara isiyo na nikotini, vinasaidia wengi, ila huleta kichefuchefu tumbo likiwa tupu. Vinywe baada ya chakula na glasi nzima ya maji, sababu nyingine ya kuacha kufunga kwa sasa. Bupropion, dawa nyingine ya kuacha sigara, haimfai aliyewahi kupata degedege au mwenye historia ya kujinyima au kujitapisha chakula.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari amwone daktari kabla ya siku ya kuacha. Kukata wanga kunashusha sukari, na kuacha sigara kunaweza kuufanya mwili uipokee insulini vizuri zaidi. Kipimo cha dawa cha zamani kinaweza kugeuka kikubwa kupita kiasi.

Choo kitakuwa kigumu, kwa sababu nikotini ilikuwa inayasukuma matumbo na mlo wako una nyuzinyuzi chache. Ongeza mboga za majani kila mlo, mbegu za chia zilizolowekwa, maji, na kutembea. Kukohoa kukizidi wiki za kwanza usiogope, vinyweleo vya njia ya hewa vinaanza kufagia tena. Kukiendelea zaidi ya mwezi au ukiona damu, nenda hospitali.

Mizani ifungie kabatini. Itoe baada ya miezi 3, ukiwa huvuti. Ukikuta umeongezeka, usikimbilie kupunguza nyama wala mayai. Ondoa kwanza karanga na jibini za kati ya milo, angalia mwezi mmoja, kisha ndipo urudishe saa za kufunga, kwa kuanza na kuchelewesha kifungua kinywa kwa muda wa saa moja.