Ukituma hadithi, tanguliza paukwa

Mimi ni mmoja wa maadmini wa kundi la WhatsApp la watu wa Tanga wanaopenda filamu, tamthilia na hadithi za kale. Kundi limechangamka. Asubuhi watu wanabishana juu ya tamthilia ya jana usiku, mchana mtu anatupia klipu ya jini wa mbuyuni, jioni ugomvi ni wa nani alistahili kuigiza nafasi ya nani. Nalipenda sana, na kwa kuwa nalipenda nataka kuwaambia wadogo zangu wanaofungua makundi na kurasa za namna hii jambo moja ambalo nimeliona likigombanisha watu wazima wenye akili zao: tunapeana hadithi bila kuambiana kuwa ni hadithi.

Bibi zetu hawakufanya hivyo. Kabla ya neno la kwanza walisema paukwa, tukajibu pakawa. Au walianza na hadithi hadithi, nasi tukaitika: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Sisi wasikilizaji ndio tuliokaribisha uwongo, tena kwa sauti, tukijua tunachokikaribisha. Baada ya hapo sungura angeweza kumfanyia fisi lolote na hakuna aliyedai ushahidi, wala hakuna aliyetoka hapo akaenda kumpa jirani kama habari. Kwenye simu kiitikio hicho hakipo. Simulizi inafika katikati ya matangazo ya misiba na bei ya mahindi, ina maandishi mekundu yanayosema UKWELI ULIOFICHWA, na mtu anaipokea kama alivyoipokea ile ya msiba.

Chukua Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Mombasa. Kila aliyekulia hapa amesikia habari za Wazungu walioingia na mbwa wao wasionekane tena, mbwa akaja kuibukia Kilimanjaro. Wengine husimulia kuwa njia ya chini kwa chini inatokea Mombasa. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango hayo, na lililo refu kuliko yote likaonekana kuwa na mita 900. Haifiki kilomita moja.

Sasa klipu ya mbwa ikitua kundini, watu hugawanyika papo hapo. Huyu anaandika "uzushi, futa". Yule anajibu "kwa hiyo wazee wetu waongo?" Ndani ya nusu saa watu wameshatajiana makabila. Ninachofanya siku hizi ni kumwomba aliyetuma aongeze mstari mmoja juu: hii ni simulizi ya wenyeji wa Amboni, mimi nimeisikia kwa fulani. Basi. Mwenye vipimo vyake anavileta bila kumvunjia mtu heshima, na wengine wanaanza kusimuliana walivyoisikia wao. Dada mmoja alitueleza kwamba kwao mbwa hatokei popote. Anasikika tu akibweka chini ya ardhi, usiku wa mvua. Sote tulinyamaza kidogo tuliposoma hilo. Yule wa "futa" asingekuwa amelipata kamwe.

Na kwa kuwa wengi mnakwenda kurekodi humo, niseme na hili. Ndani ya mapango kuna mahali pa mzimu ambapo watu huja kuomba, wengi wao wakitafuta uzazi, na huacha vitu vyao pale. Usivisogeze ili picha ikae vizuri. Ukimkuta mtu na haja yake, zima kamera usubiri nje. Mwanamke aliyekuja kuomba mtoto si wa kuwekewa muziki na kurushwa TikTok, hata kama video itapendwa na maelfu.

Kwa upande wa filamu, moto mkubwa niliouona uliwaka mwaka 2023, Disney walipotoa filamu ya nguva na Halle Bailey akawa ndiye nguva mwenyewe. Nilitarajia maneno ya ubaguzi kutoka mbali. Sikutarajia kuyasoma kutoka Chumbageni na Ngamiani, mitaa ya hapa hapa Tanga. "Wameharibu asili," watu walisema. Nikauliza kundini: asili ipi? Hadithi hiyo iliandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837, na humo mwana wa mfalme anaoa mwanamke mwingine, nguva anageuka povu la bahari, kisha anachukuliwa miongoni mwa mabinti wa hewa. Ile harusi ya nguva na mwana wa mfalme wanayoililia watu imetoka kwenye katuni ya mwaka 1989. Waliokuwa wakitetea asili walikuwa wakitetea katuni ya utotoni mwao, jambo ambalo halina ubaya, ila walitaje kwa jina lake.

Kisha nikawakumbusha Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli, aliishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na katika fasihi ya Kiarabu anajulikana zaidi kwa mashairi ya mvinyo. Pwani yetu ilimchukua ikamfanya mjanja wa mtaani anayewashinda matajiri na makadhi kwa akili, na watoto wa Tanga wamemcheka kizazi baada ya kizazi bila mtu kudai kuwa tumemharibu. Mhusika akipendwa huhama, na akifika ugenini hupewa sura ya wenyeji. Naamini hivyo kwa moyo wote, na ndiyo maana nilifurahi kumwona binti mweusi majini.

Hata hivyo aliyesema hakupenda uimbaji wala uigizaji asiitwe mbaguzi. Hayo ni maoni, na maoni hayahitaji ruhusa. Tatizo linaanza pale "sikupenda" inapovaa joho la "si sahihi". Kundini kwetu ukitaka kusema "si sahihi", unaulizwa umesoma wapi; ukisema "sikupenda", unaachwa na uhuru wako. Unaruhusiwa kuubeza wimbo, huruhusiwi kumbeza aliyeupenda. Mji huu umeishi na Coastal Union na African Sports katika soka, umeishi na Black Star na Lucky Star katika taarabu, na ushabiki wake ulikuwa mkali. Lakini waliobishana walikutana tena asubuhi kwenye kahawa, na kukutana huko kuliwapa mpaka. Sisi hatukutani, kwa hiyo mpaka inabidi tuuandike.

Maajabu ya kweli nayo yanahitaji uangalifu uleule. Picha ya silikanti hutumwa kila mara na maneno "samaki huyu ana miaka milioni 400". Ukoo wake ndio wenye umri huo. Yeye ni samaki aliyezaliwa baharini kama wengine. Wanasayansi walidhani jamii yake imetoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu walianza kunaswa kwenye nyavu za majarife miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lao. Habari hii haihitaji chumvi hata punje.

Ukitaka kukusanya simulizi mwenyewe, nenda kwa wazee na muda wa kutosha, wala usiweke simu mbele ya uso wa mtu kabla hujamsalimu na kumweleza sauti yake itakwenda wapi. Andika kijiji, andika aliisikia kwa nani. Mwache aimbe ule wimbo wa katikati, maana wengi mnaukata ili klipu iwe fupi na hadithi inabaki mifupa. Na akikwambia kipande fulani ni cha hapa hapa barazani, kitoe kabla hujatuma, hata kama ndicho kitamu kuliko vyote.