Breki za lori la jeshi: silinda zinavuja tena na gari linavuta kulia

SWALI: Nina GMC CCKW, lori la jeshi la Marekani la 1943, lililolala bandani miaka mingi. Nilibadilisha mipira ya kuzuia mafuta ndani ya silinda zote sita za breki za magurudumu. Wiki mbili baadaye, silinda ya mbele kushoto imeanza kuvuja, na nikikanyaga breki lori linavuta kulia. Niagize mipira mingine?

JIBU: Usiagize bado. Fungua silinda hiyo, ifute kwa spiriti (petroli huvimbisha mipira), kisha pitisha ukucha ndani taratibu. Ukikwama, hapo pana kishimo cha kutu, na mpira mpya utalika hapohapo kila pistoni ikipita. Wengi hukimbilia kusugua kwa jiwe. Jiwe huondoa kutu ya juujuu tu. Ukisugua hadi kishimo kiishe, tundu limeshapanuka na mpira haushiki tena. Mpe fundi wa kukereza aivalishe bushi (mrija wa ndani) ya chuma cha pua, kwa kipenyo kilekile cha awali. Ukiirudisha, ilainishe kwa mafuta ya breki, si grisi wala oili ya injini, na midomo ya mipira itazame kwenye mafuta.

Lori linavuta kulia kwa sababu kushoto hakushiki: lainingi (bitana za breki zinazosugua) zimelowa mafuta yaliyovuja. Usizioshe, maana zikipata moto mafuta yaliyozama hutoka tena. Badilisha za magurudumu yote mawili ya mbele. Lainingi kuukuu huenda zina asbesto, kwa hiyo lowesha vumbi kwa maji na usilipulize kwa kompresa. Ribiti zianzie katikati kwenda kwenye ncha, la sivyo lainingi huinuka tumbo.

Sasa tumia chaki kuona kama lainingi inagusa sawasawa. Paka ndani ya dramu (ngoma ya gurudumu), sugua shuu (kiatu kinachobeba lainingi) humo kwa mkono, utazame weupe umekaa wapi. Ukiwa kwenye ncha mbili tu, breki zitanasa ghafla na kupiga kelele. Chonga lainingi ya shuu ifuate mviringo wa dramu. Ukiwa katikati tu, dramu imekerezwa ikapanuka kuliko shuu, na pedali itakuwa laini.

Kagua pia mpira wa kushoto unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Ukizeeka huvimba ndani, ingawa nje unaonekana mzima.

Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki: injini ikiwa imezimwa, anza na Hydrovac (kifaa kinachoongeza nguvu ya breki), kisha gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali), umalizie la karibu.

SWALI: Kwa kuwa lori hutembea mara chache, niweke mafuta ya breki ya silikoni?

JIBU: Yanafaa. Mafuta hayo, yaani DOT 5, hayanyonyi unyevu, na unyevu ndio uliokuchimbia vile vishimo. Ila usiyachanganye na DOT 3 au 4, mafuta ya breki ya kawaida: safisha mabomba yote na uweke mipira mipya kwanza. Mimina polepole, kwani hushika mapovu. Na soma chupa vizuri, DOT 5.1 si silikoni.